Gamba la foraminifera, na data iliyoandikwa upya kimyakimya

Wale mliozoea kuja hapa kusoma habari za Linux, hifadhidata na vita vyangu visivyoisha na lugha za programu, leo mtanivumilia. Nataka tuzungumze kuhusu kiumbe wa baharini mwenye seli moja tu. Usifunge ukurasa bado! Habari hii ni ya data tangu mwanzo hadi mwisho, na kama unaishi karibu na ikweta, kama tunavyoishi wengi wetu, basi inakuhusu hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

Kiumbe huyo anaitwa foraminifera. Jina limetokana na Kilatini na maana yake ni mbeba tundu. Si mnyama wala si mmea. Mwili wake wote ni seli moja, lakini seli hiyo inajua kujenga nyumba. Hujitengenezea gamba lenye vyumba, na kati ya chumba na chumba huacha tundu la kupitia. Wengi wao ni wadogo kuliko milimita moja, kwa hiyo bila lenzi utawaona kama punje za mchanga tu. Wapo wanaoishi chini, kwenye matope na nyasi za bahari, na wapo wanaoelea karibu na uso wa maji. Wakifa, magamba hubaki. Yamekuwa yakirundikana kwenye sakafu ya bahari kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Wachache walikuwa wakubwa ajabu. Kuna jamii iitwayo Nummulites, ambao magamba yao bapa, mfano wa sarafu, yaliweza kufika upana wa sentimita kadhaa. Kwa kiumbe wa seli moja hilo ni jumba la kifalme! Mawe ya piramidi za Giza kule Misri yamejaa magamba hayo. Strabo, mwandishi Mgiriki aliyefika huko miaka 2000 hivi iliyopita, aliona vijiwe vyenye umbo la dengu karibu na piramidi, akaandika kwamba watu husema ni mabaki ya chakula cha wajenzi kilichogeuka jiwe.

Hata wataalamu walihangaika. Mwaka 1826 Mfaransa Alcide d'Orbigny, aliyelipa kundi hili jina lake, aliliweka pamoja na jamaa za pweza na ngisi, kwa sababu gamba lenye vyumba lililojikunja lilifanana na magamba ya baadhi ya jamaa hao. Mwaka 1835 Mfaransa mwenzake Félix Dujardin akaonyesha kwamba ndani ya gamba hamna pweza wala mtoto wa pweza. Ni seli moja.

Mimi nilinaswa na namna gamba lenyewe linavyojengwa. Nilikutana na kazi ya Jarosław Tyszka na Paweł Topa, watafiti wa Poland ambao mwaka 2005 walichapisha njia mpya ya kuunda magamba haya kwa kompyuta. Nikasoma kurasa chache nikajiambia, hii si biolojia, hiki ni kitanzi! Nikilieleza kwa lugha ya kawaida, na kuongeza jambo moja ambalo maumbile hulifanya, gamba la foraminifera wengi wanaoelea hujengwa hivi:

1. Anza na chumba kimoja kidogo cha mviringo.
2. Tafuta mlango wa chumba cha mwisho kujengwa.
3. Jenga chumba kipya juu ya mlango huo, kwa kawaida kikubwa kuliko kilichotangulia.
4. Acha mlango mpya mahali ambapo njia kutoka mlango wa zamani ni fupi zaidi.
5. Paka tabaka jembamba la chokaa juu ya gamba lote lililo wazi nje.
6. Rudi hatua ya 2.

Basi. Hakuna mchoro mkuu wa nyumba nzima. Kiumbe hahitaji kujua atakuwa na vyumba vingapi wala umbo la mwisho litakuwaje. Kila mara anatazama hapo alipofika tu. Niliandika kijiprogramu changu cha kuchora picha bapa, nikampa namba tatu za kuchezea: chumba kipya kiwe kikubwa kiasi gani kuliko cha awali, kikae mbali kiasi gani, na kigeuke kwa pembe gani. Ukibadilisha namba moja kidogo unapata mstari ulionyooka kama shanga kwenye uzi. Ukibadilisha nyingine unapata mkunjo kama wa konokono. Ukibadilisha tena unapata fungu la vyumba vilivyovimba kama shada la zabibu. Maumbo hayo yote yapo kweli baharini. Nilikesha siku hiyo nikibonyeza tu na kutazama, na sijutii usingizi uliopotea.

Hatua ya tano ndiyo iliyonishangaza zaidi. Kiumbe hunyoosha nyuzi laini za mwili wake nje ya mlango, anafanya umbo la chumba kipya kwa utando mwembamba, halafu anaweka chokaa pande zote mbili za utando huo. Chokaa hiyo ni kalsaiti, madini yale yale yaliyomo katika mawe ya chokaa. Lakini haishii kwenye chumba kipya. Tabaka la nje linaendelea mpaka juu ya vyumba vya zamani. Kwa hiyo ukikata gamba na kulitazama kwa hadubini yenye nguvu, utakuta vyumba vya zamani vilivyobaki wazi vina kuta nene zenye tabaka juu ya tabaka, na chumba cha mwisho kina ukuta mwembamba. Ukuta wote umetobolewa vitundu vidogo sana kama chujio.

Si foraminifera wote wanaojenga hivyo. Wapo wanaookota punje za mchanga na kuzigandisha pamoja kama fundi asiye na matofali. Wapo ambao kuta zao hazina vitundu na hung'aa kama kaure ya vikombe vya chai. Na walikuwapo wafusulinida, waliokuwa na umbo la punje ya ngano na kuta za chembe ndogo ndogo zilizobanana, ambao walitoweka kabisa miaka milioni 252 hivi iliyopita. Aina ya ukuta ni moja ya alama kubwa ambazo wataalamu hutumia kuyagawa makundi haya. Leo lakini nabaki na hawa wenye kuta za vitundu, na hasa wanaoelea juu, kwa sababu kwao ndiko kuna kisa.

Sasa mnaoandika programu mmeshaona kilichonivutia. Gamba hili ni daftari la kuongeza tu. Hakuna kufuta. Kaa hutupa gamba lake la zamani na kuota jipya, lakini foraminifera hubeba vyumba vyake vyote, tangu cha kwanza alichoanzia maisha. Ni kama faili ya matukio kwenye seva: mstari mpya unakuja chini, ya zamani inabaki palepale. Na kila mstari umeandikwa kwa malighafi iliyokuwepo siku hiyo, yaani maji ya bahari yenyewe.

Hapa ndipo kemia inapoingia, nitaieleza polepole. Kalsaiti ina kalisi, kaboni na oksijeni. Oksijeni ya kawaida ina atomu za uzito 16, lakini katika kila atomu 1000 kama 2 hivi ni nzito zaidi, zina uzito 18. Gamba linapojengwa katika maji ya baridi, linachukua hizo nzito kwa wingi kidogo zaidi. Katika maji ya joto, kidogo pungufu. Tofauti ni ndogo mno: badiliko la sehemu moja katika elfu linalingana na nyuzi 4 hadi 5 za Selsiasi. Lakini mashine za maabara zinaweza kuipima. Mwanakemia wa Marekani Harold Urey alieleza wazo hilo mwaka 1947, na mwaka 1955 Cesare Emiliani akalitumia kwenye magamba ya foraminifera kutoka sakafu ya bahari kusoma jinsi joto la bahari lilivyopanda na kushuka katika enzi za barafu. Maji yenyewe pia hubadilika, kwa sababu barafu nyingi ikikusanyika nchi kavu huchukua zaidi oksijeni nyepesi na kuacha nzito baharini, kwa hiyo hesabu ina mambo zaidi ya joto peke yake. Hata hivyo njia ilifanya kazi, na gamba likawa kipimajoto cha kale.

Halafu ikaja shida.

Miaka milioni 50 hivi iliyopita, katika enzi iitwayo Eosini, dunia ilikuwa ya joto sana. Huko kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, ndani ya eneo la Aktiki, kumepatikana visukuku vya jamaa za mamba. Mamba hawezi kuvumilia majira ya barafu ya leo ya huko hata wiki moja. Ncha za dunia kwa sehemu kubwa hazikuwa na barafu. Sasa wataalamu walipopima magamba ya foraminifera walioelea juu ya bahari za tropiki enzi hizo, waliyoyatoa kwenye tope la bahari kuu, walipata joto la nyuzi 15 hadi 23.

Msomaji wa Mombasa, hebu fikiria. Bahari yenu leo huwa kati ya nyuzi 25 na 30 hivi. Data ilikuwa inasema kwamba wakati mamba waliota jua karibu na ncha ya kaskazini, bahari za karibu na ikweta zilikuwa na baridi kuliko bahari ya Mombasa ya leo. Na haikuwa data ya sampuli moja. Ilirudi hivyo tena na tena. Wanaotengeneza mifano ya hali ya hewa kwa kompyuta walikuwa wakiongeza hewa ya kaboni dioksidi kwenye mifano yao, na mifano ilipasha moto tropiki pia. Magamba yakasema hapana. Kwa miaka mingi ilibidi watu wachague: waamini kompyuta au waamini vipimo? Mtu wa sayansi hufundishwa kuamini vipimo. Na wapo waliotafuta maelezo ya jinsi tropiki inavyoweza kujipoza yenyewe dunia ikipata joto, kana kwamba ikweta ina kifaa cha kudhibiti joto kama friji.

Hapa niwape kisa kimoja cha kazini, kisha tunarudi baharini. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo, jina nalihifadhi. Data yao ilikuwa imehamishwa kutoka mfumo wa zamani hadi mpya na mkandarasi aliyekuwa kabla yangu. Hakuna kilichokwama. Ripoti zilitoka, jumla zililingana, skrini haikuonyesha kosa lolote. Ila mzee mmoja mwanachama alikuja na kijitabu chake cha karatasi, kile cha kugongwa muhuri, akakiweka mezani.

"Mwanangu, mashine yenu inasema nililipa mwezi wa tatu. Mimi nililipa mwezi wa pili."

"Mzee, hebu tuangalie pamoja," nikamwambia.

Tukaangalia. Tarehe 3 mwezi wa 2 ilikuwa imesomwa kama tarehe 2 mwezi wa 3. Programu ya kuhamisha ilidhani tarehe zimeandikwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. Kila tarehe ambayo siku yake ilikuwa 12 kushuka chini ilikuwa imegeuzwa. Zile za 13 kwenda juu zilipona, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Kila tarehe ilikuwa halali. Kila moja ilikuwa na umbo la tarehe. Na maelfu yake zilikuwa za uongo.

Programu ikianguka na kukutupia ujumbe mwekundu, hiyo ni bahati yako. Unajua kuna kazi. Data iliyoharibika ikabaki na umbo lake zuri ndiyo itakayokumaliza, kwa sababu kila mtu anaipita akiisalimia.

Ndicho kilichowapata magamba yale ya bahari kuu. Mwaka 2001 kundi la watafiti lililoongozwa na Paul Pearson wa Uingereza lilichapisha makala katika jarida la Nature likihoji vipimo vingi vya awali vya tropiki. Hoja yao ilisimama juu ya muundo wa ukuta wa gamba. Gamba likilala kwenye tope la chokaa la sakafu ya bahari kwa mamilioni ya miaka, maji hupenya katikati ya chembe. Chembe ndogo za kalsaiti alizoweka kiumbe, ambazo nyingi ni ndogo kuliko elfu moja ya milimita, huyeyuka kidogo kidogo na mahali pake hujengeka fuwele mpya, kubwa zaidi. Vyumba vinabaki. Mlango unabaki. Hata vitundu mara nyingi bado vinaonekana. Ukitazama kwa hadubini ya kawaida utasema hili ni gamba safi. Lakini fuwele mpya hazikuundwa juu, kwenye maji ya joto alikoishi kiumbe. Ziliundwa chini, kwenye baridi ya sakafu ya bahari, na zimeandika baridi hiyo ndani ya ukuta.

Yaani mashine ya maabara haikukosea. Ilisoma sawasawa kilichoandikwa. Ila aliyeandika hakuwa tena kiumbe, ilikuwa sakafu ya bahari, na faili ilibaki na jina lilelile.

Namna ya kuyatambua ni rahisi ukishajua. Gamba ambalo ukuta wake haujaguswa hupitisha mwanga, ni angavu kama kioo. Gamba lililoandikwa upya ni jeupe la kufifia, kama punje ya sukari au kioo chenye ukungu. Mwaka 2006 Philip Sexton na wenzake walichapisha uchunguzi wa kuyalinganisha makundi hayo mawili, kioo na ukungu, kwa hadubini ya elektroni na kwa kemia. Kwenye picha za hadubini hiyo ukuta wa kioo una chembe laini zilizobanana, ukuta wa ukungu una fuwele nene kama matofali.

Sasa, magamba ya kioo yenye umri wa miaka milioni 40 au 50 yanapatikana wapi? Yanahitaji kuzikwa mahali ambapo maji hayapenyi. Udongo wa mfinyanzi hufanya kazi hiyo vizuri sana. Na moja ya sehemu bora duniani za udongo wa namna hiyo ni Kilwa na Lindi, pwani ya kusini ya Tanzania.

Ndiyo, Kilwa hii hii. Wengi wetu tunaijua kwa magofu ya Kilwa Kisiwani na sarafu za masultani wake. Wanajiolojia wanaijua kwa matabaka ya udongo waliyoyaita Kundi la Kilwa, nayo yamegawanywa mafungu manne yenye majina ambayo hayahitaji kutafsiriwa: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi unapita Nangurukuru, pale njia panda ya kwenda Kilwa Masoko. Chini ya eneo hilo umelala udongo ulioanza kujikusanya tangu mwisho wa enzi za dinosau, wakati sehemu hiyo ilikuwa chini ya bahari. Baadaye nchi ikainuka, na udongo ule haukuzikwa kina cha kuupika wala kuubana sana. Kazi yote ambayo kwingine huhitaji meli kubwa ya kuchimba katikati ya bahari, hapa inaweza kufanyika nchi kavu.

Baadhi ya magamba ya ile makala ya 2001 yalitoka Tanzania. Baadaye ukaja mradi wa uchimbaji, Pearson na wenzake wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, ambako mwanajiolojia Joyce Singano ni mmoja wa majina yanayojirudia kwenye makala zilizotoka. Taarifa ya visima vitano vya kwanza ilichapishwa mwaka 2004, na mradi ukaendelea hadi kupita visima 20. Kazi yenyewe haina urembo. Udongo unatolewa ukiwa na umbo la bomba refu, unalowekwa, unaoshwa juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 0.063, mabaki yanakaushwa, halafu mtu anakaa kwenye hadubini na brashi nyembamba iliyolowanishwa kidogo akiokota gamba moja moja. Wale mnaolalamika kuhusu kusafisha data kwa mkono, hebu tulieni.

Na majibu? Magamba ya kioo yalisema bahari za tropiki zilikuwa na nyuzi 28 hadi 32, au zaidi. Fumbo la tropiki baridi likaporomoka. Mamba wa Ellesmere wakapata maelezo, na mifano ya kompyuta haikuwa na ugomvi mkubwa tena na magamba. Kijitabu cha mzee kilikuwa kimetunzwa kwenye udongo wa Kilwa muda wote huo.

Haikuishia kwenye joto. Ukuta huohuo una boroni kidogo, na boroni hueleza jinsi maji yalivyokuwa na asidi, na hapo mtu anaweza kukadiria kaboni dioksidi iliyokuwa hewani. Mwaka 2009 Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walitumia magamba ya Tanzania kutazama kipindi cha miaka milioni 34 hivi iliyopita, wakati Antaktika ilipofunikwa na barafu kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa. Kadirio lao la kati lilikuwa sehemu 760 za kaboni dioksidi katika milioni moja, ndani ya upana wa 450 hadi 1500. Kipindi hichohicho ndicho jamii ya foraminifera iitwayo Hantkenina, yenye mwiba kwenye kila chumba kama taji, ilipotoweka. Mwaka 2016 Eleni Anagnostou na wenzake wakarudi kwenye magamba ya Tanzania, wakapata kiasi cha sehemu 1400 kwa mwanzo wa Eosini, kisha kikashuka kadiri dunia ilivyopoa. Kabla ya viwanda kiasi kilikuwa sehemu 280 hivi. Leo kimeshapita 420.

Kwa nini mwandishi wa programu wa Kenya ahangaike na hili? Nitasema kwa upande wangu. Kama ile data ya ukungu ingekuwa kweli, ingekuwa habari njema kwetu. Ingemaanisha dunia ikipata joto, watakaoteseka ni wa kaskazini, na sisi wa ikweta tuna kinga ya asili. Ni rahisi sana kuipenda data ya namna hiyo. Magamba ya kioo yanasema kinga hiyo haipo. Joto likipanda, bahari yetu nayo inapanda. Mwaka 1998 tuliona kionjo chake, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida, matumbawe ya pwani ya Kenya yakapauka na mengi yakafa. Mvuvi wa Kipini au wa Shimoni hahitaji makala ya Nature kujua matumbawe yakifa samaki wanakwenda wapi. Lakini anayepanga bajeti ya nchi, au anayeandika mfano wa hali ya hewa, anaihitaji namba, na namba ikiwa ya uongo kwa nyuzi 10, mpango wote umejengwa hewani.

Kuna jambo la pili, la kiufundi. Kilichogundua kosa hakikuwa mashine mpya ya kupima oksijeni. Mashine zilikuwepo, nzuri tu. Kilichogundua ni watu kutazama ukuta wenyewe, kuuliza kama chembe hizi ndizo alizoweka kiumbe, na kukataa kuridhika kwamba umbo la nje ni zima. Sisi tunapenda kukagua umbo: sehemu hii ni tarehe? Ndiyo. Hii ni namba? Ndiyo. Pita. Tangu nijue habari za magamba haya, kila ninapohamisha data nachagua rekodi chache nazifuata mpaka kwenye chanzo chake cha kwanza, karatasi, risiti, au mtu aliyekuwepo. Kazi huwa ndefu zaidi na wateja hunung'unika bei. Hilo nimelikubali.

Na la mwisho, kwa wale mnaopenda kugusa mambo kwa mkono. Siku ukienda pwani yenye matumbawe, chota mchanga mweupe kiganjani, tia kwenye karatasi nyeusi, tazama kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Tafuta punje yenye mkunjo na vyumba. Hao ni foraminifera wa chini, binamu za wale wa Kilwa. Angalia kama gamba lapitisha mwanga au ni jeupe la kufifia. Usishangae ukikuta la kufifia, huenda limesuguliwa na mawimbi tu, au ni la wale wenye kuta za kaure. Ukipata la kioo, hesabu vyumba kuanzia kile kidogo cha katikati. Ukipata zaidi ya ishirini niandikie, tulinganishe.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi. Kwaherini kwa sasa.